Bikoni ya Mwariki

Sawe,
uliuliza swali lako Jumapili, jikoni,
ukimenya kitunguu,
kana kwamba unauliza chumvi iko wapi.
Sikujibu. Niliosha sahani iliyokuwa safi.

Leo Jumanne niko Mwariki na gambuti za ofisi,
maji magotini, natafuta bikoni
niliyoizika mwenyewe nikiwa mwanagenzi,
miaka ishirini na miwili na najua kila kitu.
Hapa palikuwa na mpera, kibanda cha kuku, geti la bluu.
Geti lingali lipo. Limetiwa kufuli,
nusu yake ziwani,
linalinda samaki.

Yule niliyekuwa wakati ule
aliapa hatapika, hatazaa, hatarudi Kimilili,
kisha akaapa kinyume.
Aliokoka mara mbili.
Alinyoa nywele, akajuta, akazifuga.
Lau ungalimwoa huyo, Sawe,
leo ungekuwa unaishi na nani?

Hilo ndilo lililonifunga mdomo.
Si kwamba sikupendi.
Naogopa kukuuzia kiwanja ambacho mpaka wake haujatulia,
utie sahihi kwenye hati,
kisha masika mawili matatu
ujikute unaanika shati ndani ya ziwa.

"Saveya, umeipata?" Moraa anaita toka ukingoni.
Sijaipata. Namwambia aandike: haionekani.
Katika daftari letu hilo halina maana kwamba haipo.
Tunapima upya kuanzia ile ya barabarani,
tunaandika tarehe,
na mwakani tutarudi,
kwa sababu ziwa halikusaini chochote.

Basi sikiliza.
Sikuahidi kwamba nitabaki huyu.
Huyu hata mimi nimekutana naye majuzi tu,
bado namzoea, anapenda chai bila sukari,
anaamka saa kumi bila kuitwa.
Ninachokuahidi ni tarehe.
Ni utepe: ncha moja ushike wewe,
tuvute mpaka ukaze,
na ukikuta namba imebadilika usinifokee.
Andika.

Jioni nitapitia sokoni, vitunguu vimekwisha.
Jina langu Nekoye silibadilishi, hilo lijue mapema.
Na lile swali, liulize tena,
ukiwa umeweka kisu chini.