Penseli ya Wilfred

Alhamisi gari la maktaba lilipanda Cragg Bank likilia gia.
"Leo kipi, Bibi Thackray?" binti aliuliza,
nami nikanyosha kidole tu, kama anayeonyesha samaki sokoni.
Jalada la kijani, pembe zimelika,
kikombe cha mtu kimeacha mwezi juu ya jina la mwandishi.

Sijawahi kusoma vitabu hivi. Vilikuwa vyako.
Mimi nilifuma, wewe ulihukumu watu,
miguu mbele ya makaa, soksi zikifuka,
na kila baada ya kurasa kumi tangazo:
"Enid, ni mpishi."
"Enid, nimemkamata. Ni yule mpwa."
Nami "Aha," nikihesabu vitanzi.

Sasa mvua ya Yorkshire inanyesha kwa ubavu.
Nimekalia kiti chako, shimo lako bado limo.
Mzee Everard Pym amekufa ukurasa wa kumi na tisa,
supu haijapoa,
kisu cha kufungulia barua mgongoni,
mlango umekomewa kwa ndani,
theluji bustanini haina unyayo hata wa paka.
Wamechora ramani: kistari ni dirisha,
msalaba ni maiti.
Msalaba mdogo, nadhifu.
Hakuna wa kufua mashuka.

Wageni ni sita. Wote walimchukia, wote wana adabu.
Kanali Strake hukohoa kabla ya kusema uongo.
Mpwa ana madeni, daktari ana mikono ya baridi,
mchungaji anajua mno habari za sumu,
mwimbaji halii inavyotakiwa,
Bibi Orme yuko pembeni na sufi yake.
Na Dilys, mjakazi, ameona kitu,
atasema kesho asubuhi.
Sema leo, mwanangu! niliiambia karatasi.
Kesho asubuhi hakuwa na ulimi wa kusemea.

Kisha ukurasa wa arobaini na saba, ukingoni:
*Ni daktari. W.*
W ile ile yenye mkia,
ya kadi za Krismasi, ya hati ya nyumba.

Nilikifunga. Nikachemsha chai, sikuinywa.
Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Lako hili hapa, Wilfred,
limekandamizwa mpaka upande wa pili wa karatasi,
kwa uhakika wote wa mtu
aliyesema kifua kile ni mafua tu.

Mwenye akili angekirudisha.
Nani hutegua kitendawili akiwa na jibu mkononi?
Lakini nakujua. Miaka thelathini na minane
hukuwahi kumpata muuaji hata mmoja.
Nikamfuta daktari papo hapo, nikabaki na watano.

Saa saba ya usiku Inspekta Quill amewakusanya sebuleni,
anasafisha miwani, hana haraka,
kila mtu anaulizwa alikuwa wapi.

Sisi hatukukusanywa na mtu.
Palikuwa na korido ya Bradford,
nesi mwenye saa iliyoning'inia kifuani kichwa chini,
na daktari kijana aliyesema "tulijitahidi"
akivitazama viatu vyake.
Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi saa tatu na robo.
Nilikuwa na jibu.
Nilikuwa kituoni, nasubiri basi.

Ni Bibi Orme.
Aliyekaa pale jioni zote akifuma,
akisikia kila kitu, akisema "Aha."
Nilicheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani akabweka.
Umeishi na mimi maisha yote, mpelelezi wangu,
na hukumwona!

Nilitafuta penseli kwenye droo ya vijiko.
Chini ya mwandiko wako nikaandika,
taratibu, nisitoboe:
*Si daktari. E.*

Alhamisi binti alivipanga vitabu mezani.
"Kipi leo, Bibi Thackray?"
Nikavaa miwani.
"Nipe," nikasema, "kilichochafuliwa."