Ulimi wa Mnadani

Miaka ishirini na tisa ulimi wangu ulilipwa mshahara.
Nilivuta kijiko, nikatema kwenye ndoo, nikasema:
hii ya Kibosho, hii imelala kwenye gunia bichi,
hii mkulima kaiharakisha juani.
Wanunuzi wakaandika bei. Hakuna aliyenibishia.

Leo nina kadi ya buluu, kliniki ya Alhamisi,
metformini asubuhi na jioni, glibenklamidi kabla ya chai,
na chai yenyewe ni maji yenye rangi.
Mbege tulishaagana.

Ndeonansia, mtoto wa dada, akashuka kutoka Arusha na kopo:
kapsuli za mdalasini, sitini.
"Mjomba, zinashusha. Jirani yangu amepona kabisa."

Nilifungua moja, nikamwaga unga kiganjani, nikaonja.
Kazi haikuachi.
Gome nene, kali mbele, chungu nyuma,
si ule mwembamba wa kwenye pilau,
na kitu cha tatu, kama vumbi la ghala,
ambacho lebo haikukitaja.
Nikajua. Nikazimeza hata hivyo,
mbili mbili, juu ya dawa za hospitali,
kwa hesabu ya mwoga: kama hii inashusha na ile inashusha,
nitafika upesi.

Sista Aikaeli aliuliza mwezi wa kwanza:
"Kuna kingine unatumia, mzee?"
Hakuna.
Mwezi wa pili akauliza akiwa anaandika.
Hakuna.
Ulimi hauna mfupa, sawa,
lakini wangu ulikuwa na cheti.

Jumapili usiku niliamka shati limelowa chapachapa,
mikono inatetemeka, jina la mke wangu limenipotea.
Ndelilio hakungoja kuitwa.
Akanisukumia kijiko cha sukari mdomoni.
Sukari! Miaka minne.
Nikalia, kwa utamu au kwa hofu, sijui.

Alhamisi nikaweka kopo mezani.
Nilitegemea kusutwa. Sista akalifungua, akanusa,
akanusa tena. "Humu mna nini?"
Hakuwa ananitega; alitaka kujua.
Nikamweleza kama nilivyowaeleza wale wa mnadani,
gome, uchungu wa nyuma, kile cha tatu.
"Ziache kwanza. Daktari akuone, na ini tulipime."
Kisha kwenye kadi, chini ya glibenklamidi,
akaandika kwa wino mwekundu: mdalasini, mbili kwa siku,
miezi miwili.
Bei hakuandika.