Hesabu za Mtu Aliyelala Chali

Kazi yangu ni kuanguka.
Jumanne naanguka Welch, Alhamisi naanguka Logan,
Jumamosi naanguka Bluefield, katika ukumbi wa shule
unaonuka raba za watoto na bisi za siagi.
Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema watu.
Basi mimi ni mshindani kupita wote:
nakubali mwaka wa tisa huu
kwa dola kumi na tano, petroli juu yangu.

Kwenye mabango naitwa Sultani wa Damasko.
Kilemba alinishonea Verna kwa pazia la jikoni;
ukisogea karibu utaona maua ya njano.
Damasko siijui. Nilizaliwa nyuma ya mgodi namba sita,
na safari yangu ndefu ilikuwa Ohio, kung'olewa jino.
Lakini nikipanda ulingoni na kuwatemea maneno ya kubuni,
vibibi wa kanisani husimama wakanimiminia matusi
ambayo hata wachimba makaa hawayajui.
Mmoja alinidunga pini ya kofia, hapa, juu ya nyonga.
Pini haina malipo.

Anayenipiga ni Lonnie Vance.
Nywele zake za dhahabu hutoka chupani. Yeye hupata ishirini.
Tunasafiri gari moja, na hiyo ni siri:
tukikaribia mji hujilaza kiti cha nyuma, chini ya blanketi,
kwa maana Sultani hapandi gari la adui yake.
Yeye anaendesha, mimi namkatia mkate na soseji baridi,
nampitishia kwenye upenyo wa viti.

Sasa, mtu anayelala chali kila usiku hujifunza jambo.
Wenzangu huona dari. Mimi nilianza kuhesabu.
Refarii apigapo moja, safu za kushoto;
mbili, safu za kulia;
tatu, waliosimama mlangoni.
Mia nne na kumi na wawili, Jumamosi ile. Dola mbili kila kichwa.
Na Bwana Skaggs, mwenye mchezo, akigawa bahasha karibu na vyoo,
akatikisa kichwa kama mfiwa:
"Watu walikuwa wachache, vijana. Wachache mno."

Hatukusema kitu.
Goti langu ndilo lililosema, kwenye ngazi.

Jumamosi iliyofuata Lonnie akaniangusha kama kawaida,
akanilalia kifuani, jasho lake likanidondokea jichoni.
Moja.
Mbili.
Nikainua bega.

Ukumbi ukavuta pumzi. Clyde, refarii, akaniinamia:
"Lala, Dwight. Imekwisha."
"Kumi zaidi," nikasema bila kuchezesha midomo. "Mimi na huyu. Kila mmoja."
Lonnie akaacha kuhema.
Nikausikia moyo wake ukigonga ubavuni mwangu,
moyo wa mtu anayedaiwa kodi ya miezi miwili.
Kisha akanizaba kofi la uongo, akanilalia tena, taratibu.
Moja. Mbili. Bega.
Clyde akaenda penye kamba kana kwamba anafunga kiatu,
akarudi na jibu: tano.
Bega.
Sasa watu wamepanda juu ya viti,
bibi wa pini amevua kofia,
na sijawahi kupendwa hivyo na watu wanaonichukia.
Ndipo pale penye pazia nikaona mikono miwili ya Skaggs,
vidole vyote kumi vimekunjuka, vinatetemeka.

Nikalala. Nililala vizuri, kwa heshima ya kazi.

Bahasha ilikuwa na dola ishirini na moja
na kikaratasi: umeme wa ukumbi, dakika za ziada, nne.
Lonnie alikatwa nne zake pia.

"Wangapi leo?" akaniuliza garini.
"Mia tano na watatu," nikajibu toka chini ya blanketi.
"Wa mlangoni sikuwamaliza."
Hakusema neno. Akakunja kona ya benki, akapita kinyozi,
akasimamisha gari mbele ya duka la dawa, injini ikinguruma.
"Njoo ukae mbele," akasema.

Taa za mji zilikuwa bado zinatuona.