Alichokiacha Ngamia

Amudat, saa nane mchana. Umeme umekatika tangu jana,
friji imegeuka kabati,
koti langu jeupe linaning'inia msumarini
juu ya hadubini yenye mguu mbovu.

Anaingia Chepochesang na mwanawe Krop,
miaka tisa, shingo nyembamba, tumbo limetangulia.
Homa wiki ya tatu. Nabonyeza ubavu wa kushoto:
wengu huo hapo, mgumu, umeshuka vidole vinne.
Namkumbuka. Mwaka juzi alilala kitanda cha saba,
siku kumi na saba za sindano,
akatoka anafukuza kuku wa mpishi.
Usubi ulimuuma pale wachungaji wanapoketi kutazama mbuzi,
juu ya kichuguu, kiti cha bure chenye wenyewe.

Kipimo cha zamani nakijua tabia.
Kidondoshee damu ya Krop, kitaandika mistari miwili
leo, kesho, hata siku atakayooa.
Hakiulizi ugonjwa, kinauliza kumbukumbu,
na damu, kama mkopeshaji, haisahau jina.
Ndiyo maana tuliuchoma wengu wenyewe,
sindano ndefu, pumzi imezuiwa,
kisha usiku kucha nasikiliza kama mtoto anavuja ndani.

Mwaka huu tumeletewa karatasi za majaribio, pakiti arobaini.
Zimekaa dirishani, juani, wala hazijaharibika.
Ndani yake, mama Krop, yumo ngamia.

Anacheka. Mkalimani naye anacheka.
Ngamia gani?

Nachora nyuma ya fomu:
hii ndiyo kingamwili, yako na yangu, panda ya manati,
minyororo miwili mizito,
na ubavuni mwa kila tawi mmoja mwepesi.
Ngamia anazo za namna hii, na anazo nyingine:
ile myepesi aliitua njiani, sijui zama zipi,
hakuna aliyemwona akiitua.
Yeye mbeba vibuyu na vitoto na miti ya nyumba
akabaki na mizito mitupu,
na kwa kuacha wepesi akawa mwepesi.
Ncha yake wameikata, chembe ya chembe,
inapenya mwanya ambao panda nzima hugonga ikarudi.
Joto huifumua; ikipoa hujikunja tena kama ilivyokuwa.
Nayo haiulizi nani aliwahi kupita.
Inauliza: yumo?

Mkojo wa Krop, matone matatu.
Dakika kumi na tano, nzi mmoja, saa ya ukutani iliyosimama.
Mstari mmoja.
Hayumo.

Nilitaka kufurahi. Lakini "hayumo" si dawa,
na paji la mtoto bado linachoma kiganja.
Narudia: mstari mmoja. Malaria: hakuna.
Anakunywa nini nyumbani?
Maziwa.
Ya nini?
Ya ngamia.
Mnayachemsha?
Chepochesang ananitazama
kana kwamba nimeuliza kama mvua huoshwa kwanza.

Tone la damu, tone la dawa ya waridi, kigae cheupe.
Natikisa. Chembe zinaanza kushikana
kama uji uliolala.
(Hiki nacho ni kipimo cha kumbukumbu, sijidanganyi;
lakini kumbukumbu hii, kwa mtoto huyu, ni mpya.)
Brusela. Vidonge vya wiki sita, sindano kidogo,
na sufuria motoni kila asubuhi.

"Kwa hiyo," anasema mama, polepole, ili mkalimani asipunguze kitu,
"ngamia ndiye aliyemuuguza,
na ngamia ndiye aliyekwambia si kalaazar."
Huyo wenu ndiye aliyemuuguza, nasema. Wa karatasi ni mwingine.
"Ngamia ni ngamia," anasema,
na sina kipimo cha kumbishia.

Wakati naandika dawa, Krop amevuta fomu yangu.
Kwenye ile panda amechora mpira,
ameuvuta mpaka ukingo wa karatasi,
na katikati ya mpira ameweka jiwe.