Pale Mafuta Yasipofika

Shokapu mbili za mbele zimelala mezani
kama ndugu walionuniana.
Wa kushoto nimemfungua kwanza:
harufu ya samaki aliyesahauliwa,
mafuta ya kijivu, mazito,
na unga wa chuma unaometa ndani yake.
Wa kulia alikuwa karibu mkavu.
Sili yake ilipasuka zamani,
amekuwa akivujia breki kimyakimya
tangu kiangazi kile, nadhani, cha mvua.

Nje ni Machi, Võrumaa, theluji hadi dirishani.
Kopo la mafuta mapya nimelisogeza karibu na jiko,
lipate uvuguvugu tu:
mafuta ya baridi hudanganya rula.

Ülo amekaa juu ya tairi, kofia mkononi.
"Niwekee mazito. Namba ishirini.
Nikifunga breki inapiga magoti."
Simjibu. Napitisha ukucha kwenye bomba
taratibu, hadi unakwama:
kovu la kokoto, dogo kama chembe ya chumvi,
hapo hapo sili inapopita.
Namwonyesha. Haoni. Anavaa miwani. Haoni.

Msasa laini. Bushi mpya. Washa mpya ya shaba.
Mdomo wa bomba nauvisha mfuko wa mkate
sili ishuke bila kujikata.
Kisha namimina,
napandisha, nashusha, mara kumi, mara ishirini,
mapovu yanatoka yakinong'ona
mpaka yanaishiwa maneno.
Springi bado iko nje. Bomba limeshuka hadi mwisho.

Hapa ndipo wengi hukosea:
hupima mafuta.
Mimi napima pale yasipofika.
Toka ukingoni hadi kwenye uso wao
ni hewa, na hewa iliyofungiwa
ni springi ya pili.
Ukiiachia nafasi kubwa, gurudumu linazama.
Ukiibana mno, viwiko vya dereva vitalipa.

"Uzito wako?"
"Tisini na mbili."
"Na kigari cha ubavuni?"
Anaizungusha kofia.

Daftari langu la miaka sita iliyopita linasema:
Ülo, Maimu, mbwa. Sentimita kumi na mbili.
Maimu hapandi tena. Nyonga, alisema daktari.
Woga, alisema Maimu mwenyewe, akicheka.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
lakini chuma hakijui methali.
Kilimbeba Maimu kilo kwa kilo,
na alipoondoka kikajua siku ile ile.

Nachukua bomba la sindano,
mrija nimeukata kwa kipimo.
Nafyonza. Kumi na tatu. Kumi na nne.
Mrija unakoroma: umeanza kunywa hewa.
Kushoto vilevile.

"Ngoja," anasema. "Mbwa bado anapanda."

Mbwa amelala mlangoni,
kilo thelathini na moja za manyoya na matope.
Narudisha kijiko cha chai, pande zote mbili.
Kumi na tatu na nusu.
Hakuna kitabu kitakachonitetea.

Springi, kifuniko, gurudumu, mhimili.
"Kandamiza."
Anaegemea usukani kwa kifua chote.
Inashuka, inapanda mara moja, inatulia.
Anakandamiza tena, macho yako kwenye kigari,
kwenye kiti kilichopasuka mshono.

"Na akibadili mawazo?" anauliza.
"Tuseme Juni. Barabara ikikauka."

Nafuta mikono.
Kopo la mafuta silifungi kwanza.