Ganda la Hamsini

Mvua ya Julai inapiga bati la kibanda cha kunyolea kondoo,
Southland, kusini kabisa, ambako upepo hutoka barafuni
na haujabisha hodi kwa mtu kabla yetu.
Juu ya meza, maganda hamsini ya risasi,
shaba ya njano iliyofifia,
midomo myeusi kwa moshi wa baruti.
Yote yalipigwa na bunduki ya Struan.

Asiyejua hudhani ganda likishalipuka limekufa.
Ganda huvimba, kufumba na kufumbua,
hujaza chemba, husukuma kuta zake,
kisha hupoa na umbo lile lile,
kama kiatu kinavyobaki na mguu wa mwenyewe.
Niletee ganda, nitakwambia bunduki
bila kuiona.

Bunduki yenyewe tuliiuza
kwa tabibu mmoja wa mifugo, mjini Gore.
Chemba yake ilikuwa pana kuliko yangu
kwa elfu nne za inchi, unene wa unywele.
Hiyo ndiyo nafasi aliyoniachia ndugu yangu.

Nang'oa fataki zilizokufa, moja moja,
zinalia *ti* ndani ya kopo la maziwa.
Nazima taa. Napasha shingo kwa moto wa gesi
hadi shaba ianze kuona haya, basi, naondoa.
Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga;
hawakuijua shaba,
ambayo uzee wake wote umekaa shingoni
na sekunde sita za moto huirudisha ubichini.

Kisha mafuta, ya manyoya ya kondoo wetu.
Baba aliyachemsha mwenyewe; kopo linanuka zizi.
Nayapaka kwa ncha ya kidole, kama unayempaka mtoto nyusi.
Yakizidi, bega la ganda hubonyea.
Yakipungua...
Baba hakumalizia. Mikono yake hutetema siku hizi,
chai humfikia nusu kikombe.

Mkono wa mtambo chini. Kalibu inameza,
shingo inaminywa, bega linarudi nyuma elfu sita:
nne zake, na mbili za kupumulia.
Mkono juu. Napima. Shaba ni kaidi,
hurudi kidogo ilikotoka;
lazima uibane kupita unapotaka
ndipo itulie unapotaka.
La kwanza. La pili. La kumi na tisa.

La hamsini nililitia mfukoni.
Lakini mtu aliyehesabu kondoo langoni miaka sitini
haibiwi kichwa kimoja.
"Ishbel. Bado moja."
"Hilo naliacha."
"Struan yuko kilimani, pale pikipiki ilipomlalia,
na yuko makaburini, ubavuni mwa mama yako.
Mfukoni mwako hayumo."

Nikalitoa. Kwa hasira, au makusudi, sijui,
sikulipaka vya kutosha.
Kalibu ikalikamata. Nikavuta mkono juu,
meza nzima ikainuka,
ukingo wa kitako ukachanika
na ganda likabaki ndani kama jino.

Baba akacheka. Akacheka mpaka akakaa
juu ya gunia la manyoya.
"Ndiye huyo," akasema. "Hata kitandani
asubuhi alikuwa hatoki."

Tukatoboa kitako kwa keekee, tukakata hesi,
tukaingiza bolti. Spana akaishika yeye.
Mkono unaotetema, ukipewa chuma kizito, hutulia.
Nusu zungusho. Akapumua. Nusu tena.
Likatoka limechubuka, halifai kitu,
akalitupa koponi pamoja na fataki.

Arobaini na tisa nikayajaribu, moja moja;
komeo la bunduki yangu likafunga kwa kidole kimoja.
Nikayapanga kisandukuni. Tundu la mwisho, tupu.
Baba akalitazama,
akachomoa kipande cha penseli nyuma ya sikio,
akakichomeka humo, akafunga kifuniko.
"Jumamosi," akasema, "upepo utatoka magharibi."