Kwa Mnaomzomea Haukaas

Mimi ndiye nifuaye jezi.
Msimu wa kumi na tisa huu, chini ya uwanja, hapa Duluth,
mashine sita, moja mbovu,
na kidirisha kinachotazama ziwa likiganda.
Sina cheo, siulizwi.
Ila damu ya kila mchezaji naijua
kwa jinsi inavyokataa kutoka.

Nimewasikia jana, lango la kaskazini:
mkono wa birika, muuza watu, kipofu mwenye kalamu.
Mtoto kashika bango, HAUKAAS ONDOKA,
babaye kamweka mabegani lisomeke vizuri.
Mnamlilia Prudhomme, mrushaji wetu,
aliyetuvusha Januari ile theluji ikiwa magotini.
Hata mimi nililia. Msinifunze kulia.

Lakini nyinyi mlimwona Jumapili.
Mimi nilimwona Jumatatu,
akishuka ngazi zangu kinyumenyume,
goti limevimba kama kabichi.
Aliomba barafu, kisha akaomba nisiseme.
Sikusema.
Haukaas naye alikuwa na picha za mifupa mezani,
hakusema.
Akawaacha mumwite bahili
ili mtu yule atoke na jina lake zima.
Leo nasema, kwa kuwa Prudhomme mwenyewe
kanipigia simu juzi: waambie,
nimechoka kusikia mzee akitukanwa kwa goti langu.

Mnasema, angemwongeza pesa.
Ligi imeweka dari juu ya mishahara,
na dari haipandi kwa kelele.
Mkate mzima ukimpa mmoja,
wale watano wanaomkinga mbele wale nini, makofi?

Na huyu Leiataua mnayemcheka,
mnayesema kanunuliwa kwa kilo:
njooni mwone jezi yake.
Kifuani matope, majani, rangi ya kofia za watu.
Mgongoni, tangu Septemba, nyeupe pe.
Maana yake hajalazwa chali hata mara moja.
Takwimu zenu hazina safu ya migongo.

Sisemi ni malaika.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni;
basi na kosa lake mpeni pia.
Yule kijana wa Fargo, namba arobaini na nne,
aliyemchagua tukabaki tumekodoa macho:
jezi yake nimeifua mara moja tu,
na haikuwa na uchafu.
Nilimwonyesha Haukaas. Aliikunja mwenyewe,
taratibu, mikono ndani,
kama nguo ya mtoto aliyekwisha kukua,
akasema, "Hapa nilikosea, Signe,"
akapanda juu kuendelea kukosea na kupatia,
ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Jumapili mtarudi, najua.
Zomeeni, koo ni zenu, tiketi mmelipa.
Yeye atakaa kwenye gari lake nyuma ya ghala la madini,
redio chini, mkate wa samaki mapajani,
akihesabu nani anachechemea.

Ila wewe, baba wa lile bango,
nilimwona mwanao kaimwagia haradali jezi ya Prudhomme,
pale pale kwenye namba.
Tumia maji baridi.
Ya moto hulikaza doa,
na likishakaza
hakuna sabuni itakayokusikiliza.